Barua ya wazi kwa viongozi wa Detroit Pistons: Februari hii msituvunjie nyumba

Ndugu Tom Gores, mmiliki wa timu,
Ndugu Trajan Langdon, rais wa shughuli za kikapu,
Kocha J.B. Bickerstaff,

Salaam kutoka Afrika Mashariki. Mechi yenu inayoanza saa moja usiku pale Detroit, majira haya kwetu inaanza saa tisa usiku. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiamka saa hiyo kuwatazama, au walau kufuatilia matokeo. Nawaandikia mwishoni mwa Novemba 2025, siku chache baada ya Boston kuukata mfululizo wetu wa ushindi wa mechi 13. Kufungwa kule hakukuniuma. Tumeshinda mechi 15 kati ya 17 za mwanzo na tunaongoza Ukanda wa Mashariki wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Mechi 13 mfululizo ni rekodi ya klabu, na misimu miwili ya nyuma iliyoifikia, ule wa 1989–90 na ule wa 2003–04, yote iliishia kwa ubingwa.

Kinachonifanya nishike kalamu ni Februari. Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa mwezi huo, na timu inayoongoza ukanda huwa haikosi ushawishi: ongezeni nyota mmoja mkubwa, toeni vijana wawili watatu, mambo yaishe. Kabla hamjapokea simu ya namna hiyo, naomba mnisikilize mimi niliyekaa na timu hii katika giza lake lote.

Desemba 2023 ndiyo ninayoipimia kila kitu. Msimu ulianza kwa kushinda mbili kati ya tatu, kisha tukafungwa. Tukafungwa tena. Tukafungwa Novemba yote na karibu Desemba nzima, mechi 28 mfululizo, balaa ambalo hakuna timu ya NBA iliyowahi kulifikia ndani ya msimu mmoja. Usiku wa kipigo cha 27, dhidi ya Brooklyn, Cade Cunningham alifunga pointi 41 na bado tukalala kwa 118–112. Mwezi ule mashabiki ndani ya uwanja wetu, Little Caesars Arena, walikuwa wakiimba timu iuzwe. Ndugu Gores, naamini sauti zile zilikufikia. Siku mbili baadaye, ugenini Boston, vijana waliongoza kwa pointi nyingi, wakarudishwa nyuma, wakapelekwa muda wa nyongeza, wakafungwa 128–122. Nilizima simu nikabaki nimekaa kitandani gizani. Asubuhi mdogo wangu, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemtia kwenye mapenzi ya timu hii, aliniambia, "Kaka, mimi nimefika mwisho." Sikumlaumu. Nilimjibu tu kwamba mimi nabaki, na sikuwa na sababu yoyote ya kumpa.

Tulipoifunga Toronto 129–127 tarehe 30 Desemba, nilifurahi kama aliyetolewa kifungoni. Lakini msimu uliisha kwa ushindi 14 na vipigo 68, msimu mbaya kuliko wote katika historia ya klabu, chini ya kocha aliyekuwa na mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78.5.

Nataka niseme nilichokiona katika usiku ule wote, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu. Wale hawakuwa wachezaji wabovu, wala hawakuwa wavivu. Walikuwa watoto walioachwa peke yao nyumbani. Cade alikuwa na miaka 22. Jaden Ivey 21. Jalen Duren na Ausar Thompson, 20 kila mmoja. Mechi ikifika robo ya nne na tofauti ni pointi nne, hapakuwa na mtu pale ndani aliyewahi kupita njia ile mara nyingi kiasi cha kuwaambia: tulieni, mpira upite huku, msirushe sasa. Kila mmoja alijaribu kuwaokoa wenzake peke yake, na kila mmoja akazama peke yake.

Halafu kulikuwa na suala la nafasi uwanjani. Cade ni mchezesha timu anayetaka kuingia katikati taratibu, akimsukuma beki kwa bega, akisubiri mtu wa pili aje kumsaidia ndipo atoe pasi. Mchezo wa namna hiyo unahitaji watu pembeni ambao wapinzani wanaogopa kuwaacha. Sisi hatukuwa nao wa kutosha. Ausar anakaba kama chui lakini kurusha kutoka mbali si kazi yake. Duren kazi yake iko chini ya kikapu. Kwa hiyo mabeki wa wapinzani walijirundika wote ndani, na Cade akiinua macho anaona ukuta wa watu watatu. Usiku baada ya usiku niliona kijana mwenye akili ya mpira kuliko wengi ligini akigonga kichwa kwenye ukuta uleule.

Ndiyo maana kiangazi cha 2024 nilikaa wima kitini. Ndugu Langdon, ulikuja kutoka New Orleans, kocha akaondolewa baada ya msimu mmoja tu, na ndugu Gores akakubali kuubeba mzigo wa mkataba ule. Kocha Bickerstaff, ulikuwa umeachishwa kazi Cleveland wiki chache tu kabla. Kisha usajili ukaanza, na mwanzoni wengi hawakuushangilia, kwa sababu hapakuwa na jina la kutikisa dunia. Tobias Harris. Malik Beasley, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Tim Hardaway Jr., aliyetoka Dallas na juu yake tukapewa chaguo tatu za raundi ya pili za drafti, lile zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya. Nilisoma watu wakiandika kwamba hawa ni wa kujazia benchi.

Mimi niliona watu wazima wakiingia nyumbani. Harris hasa alinigusa, kwa sababu aliwahi kuwa wetu. Januari 2018 tulimtoa, pamoja na Avery Bradley, Boban Marjanović na chaguo za drafti, ili tumpate Blake Griffin. Griffin alicheza kwa moyo wake wote, sina neno naye, na msimu wa 2018–19 alitufikisha mtoano, lakini magoti yalimwangusha na tukabaki mikono mitupu. Miaka sita baadaye Harris akarudi akiwa amekomaa, akasimama pembeni ya kina Duren kama kaka mkubwa aliyerudi kutoka safari ndefu.

Matokeo mnayajua, ila acheni niyaseme, kwa kuwa bado nafurahia kuyasema. Beasley alizamisha mitupo ya pointi tatu 319, rekodi ya klabu kwa msimu mmoja. Ukuta wa watu watatu ukapasuka, maana sasa anayemwacha Beasley ili amkabe Cade anajutia. Cade akamaliza na wastani wa pointi 26.1 na asisti 9.1, akaitwa mechi ya nyota wote, akaingia timu ya tatu ya wachezaji bora wa ligi. Ivey alivunjika mguu Januari 1, 2025, akiwa katika kiwango bora cha maisha yake, na timu haikuvunjika pamoja naye. Februari mkamleta Dennis Schröder. Kutoka ushindi 14 tukafika 44, na katika historia yote ya NBA hakuna timu nyingine iliyowahi kuuzidisha ushindi wake mara tatu kutoka msimu mmoja kamili wa mechi 82 hadi unaofuata.

Na mtoano! Tangu Mei 2008 hatukuwa tumeshinda hata mechi moja ya mtoano. Tulipoteza mbili za mwisho mwaka uleule, tukafagiliwa 2009, yaani kufungwa mechi zote nne za raundi, tukafagiliwa 2016, tukafagiliwa 2019, na tulipopoteza mechi ya kwanza New York mwezi Aprili vikafika vipigo 15 mfululizo. Mechi ya pili huku ilianza saa nane na nusu usiku. Cade alimaliza na pointi 33 na ribaundi 12, lakini mtupo niliousimamia kwa miguu miwili ni wa Schröder, pointi tatu chini ya dakika moja kabla ya mwisho, pale Madison Square Garden kelele zilipokuwa zimepanda kuwafunika vijana. Miaka 17 ya ukame iliisha kwa mkono wa mtu mzima ambaye alikuwa ameishi Detroit miezi isiyozidi mitatu. Tulishinda 100–94. Nilimpigia mdogo wangu saa kumi na moja alfajiri. Alipokea, akasema, "Nimeiona, Kaka. Nilikuwa macho." Hakuwa ameniambia kwamba alirudi.

Tuliishia mechi ya sita, 116–113, Jalen Brunson akitumaliza kwa mtupo wa pointi tatu sekunde nne zikiwa zimebaki. Ile mechi ya nne tuliyopoteza kwa pointi moja, ambayo waamuzi wenyewe walikiri baadaye kwamba Hardaway alistahili faulo mwishoni, bado inaniwasha. Lakini niliilalia bila hasira. Nilikuwa nimeona timu.

Kiangazi kilichopita moyo ulinienda mbio tena. Schröder akaondoka. Hardaway akaenda Denver. Beasley naye hayupo tena. Watatu kati ya watu wazima walewale walioijenga nyumba! Nilijiuliza kama mlielewa ninyi wenyewe mlichokuwa mmekifanya mwaka uliotangulia, au ilikuwa bahati. Mkanijibu kwa vitendo. Duncan Robinson kutoka Miami, mrushaji ambaye drafti ilimpita kabisa na bado akajitengenezea maisha ya ligi kwa mkono wake. Caris LeVert, anayeweza kushika mpira Cade anapopumzika. Wote wawili wamesoma Chuo Kikuu cha Michigan, wanalijua baridi la jimbo lile na wanajua jina la Pistons lina uzito gani kwa watu wake. Watu walibadilika, ila mpango ulibaki uleule: Cade katikati, vijana wenye miguu miepesi ya ulinzi pande zote, na wakubwa wanaojua kazi yao na hawagombei jina. Hapo ndipo tumaini langu lilipoacha kuwa la msimu mmoja.

Mwezi huu nimeona jambo jingine ambalo takwimu hazilisemi vizuri. Dhidi ya Washington, Cade alikosa mitupo 31 usiku mmoja. Timu ya 2023 ingekufa pale. Daniss Jenkins, kijana ambaye hakuna aliyemchagua kwenye drafti, akasawazisha kwa pointi tatu kengele ikilia, tukaenda muda wa nyongeza, tukashinda 137–135, na Cade huyohuyo akamaliza na pointi 46. Niliwatazama benchi walivyomrukia Jenkins. Hakuna aliyekuwa amekaa.

Sasa nirudi kwenye Februari.

Klabu yenu ina somo lake yenyewe, tena ina mawili, na hamhitaji kwenda kuazima kwa jirani. La kwanza ni Novemba 2008. Timu iliyokuwa imecheza fainali za ukanda miaka sita mfululizo ilianza msimu, na baada ya mechi chache tu mchezesha timu wetu Chauncey Billups akapelekwa Denver ili aje Allen Iverson. Iverson ni miongoni mwa wachezaji wakubwa waliowahi kugusa mpira ule. Alituchezea mechi 54. Tukamaliza 39–43, tukafagiliwa na Cleveland raundi ya kwanza, na mlango ukafungwa kwa miaka mingi. Tulimtoa mtu aliyejua kila chumba cha nyumba, tukaleta mgeni mwenye jina. Kilichofuata ni kupapasa gizani: makocha wakaja wakaondoka, Andre Drummond akatolewa 2020 kwa kitu kidogo mno. Mwaka 2014 sisi wa huku tulipata sababu ya ziada ya kuwapenda, Hasheem Thabeet wa Tanzania alipoingia kambini kwenu. Akaachwa kabla msimu haujaanza, na hata hapo hatukuhama. Mwenye kovu usidhani kapoa, ndugu zangu. Nikisikia leo maneno "nyota mmoja mkubwa," naisikia 2008.

La pili ni Februari 2004, na silitaji ili kujipinga. Mwezi uleule wa mabadilishano, Joe Dumars, aliyekuwa kiongozi wetu wa usajili, alimleta Rasheed Wallace, na miezi minne baadaye tuliifunga Lakers ya Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton kwenye fainali kwa mechi nne kwa moja. Nilikuwa sekondari. Matokeo niliyasoma kwenye gazeti lililochelewa siku mbili, nikalikata ukurasa na kuuweka ndani ya daftari la jiografia. Kwa hiyo siwaambii mkae mikono kifuani. Nawaomba mtazame Dumars alitoa nini. Ben Wallace alibaki. Billups alibaki. Richard Hamilton alibaki, Tayshaun Prince alibaki. Rasheed alikuja kukaa juu ya msingi, hakuna tofali la chini lililong'olewa ili apate nafasi. Na wale waliobaki, mkumbuke walikuwa kina nani: Ben Wallace hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, Billups alikuwa amezungushwa timu kadhaa kabla ya kutua kwetu 2002, Prince alikuwa chaguo la 23. Mwaka mmoja kabla ya ubingwa ule tulikuwa na chaguo la pili la drafti nzima tukalitumia kwa Darko Miličić, huku Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade wakifuata nyuma yake. Hata kosa la ukubwa huo halikutuzuia, kwa sababu kundi lilikuwa kundi kweli.

Ombi langu basi ni hili. Mkitaka mrushaji mwingine, mleteni. Mkitaka mtu mrefu wa kumpokea Isaiah Stewart dakika za mwisho mguu ukichoka, mleteni. Chaguo za drafti zipo, tumieni. Lakini Cade, Duren na Ausar wasiwekwe mezani kwa jina lolote, hata liwe kubwa vipi. Ron Holland pia, kama mnaniuliza mimi, kwa kuwa kijana anayekimbia kila mpira kana kwamba ni wa mwisho hapatikani kirahisi.

Na kuhusu Duren nina neno la pekee. Oktoba ilipita bila mkataba wake kuongezwa, na kiangazi kijacho timu nyingine zitaruhusiwa kumwekea ofa mezani, ingawa mna haki ya kuilinganisha. Naelewa hesabu za kikomo cha mishahara zinavyobana, na naelewa kwamba mlitaka kumwona kwanza. Mmemwona. Kijana aliyekuwa akirukaruka tu mwaka 2023 sasa anashika mpira juu ya duara, anasoma beki, anatoa pasi kwa wakati, na akienda kikapuni hakuna anayetaka kuwa njiani. Mkono mtupu haulambwi. Msimngoje mpaka mwenye timu nyingine amwambie thamani yake, kwa sababu mchezaji hukumbuka nani alimwambia kwanza.

Ivey naye mpeni muda. Amepitia majeraha yaliyomkuta wakati alipokuwa anachanua, na wenzake wamejifunza kucheza bila yeye. Kumrudisha mtu kama huyo ndani ya kundi linaloshinda ni kazi ngumu kuliko kumrudisha ndani ya kundi linaloshindwa. Kocha Bickerstaff, hilo nakuachia wewe. Nimeona ulivyowashika mabegani vijana wakikosea, badala ya kuwatoa uwanjani na kuwageuzia mgongo, na nina imani utalipatia dawa.

Mdogo wangu ameomba niongeze salamu zake. Ameanza kumfundisha mwanawe wa miaka saba majina ya wachezaji, na mtoto ameshachagua wa kwake. Hakumchagua Cade, kama tulivyodhani angefanya. Amemchagua Ausar, kwa sababu, anasema, yule ndiye anayewanyang'anya watu mpira.

Wenu katika mchezo,
Shabiki tangu 2004